Herufi 17 tulizo nazo sisi na hamira

Mwezi uliopita tuliitwa kikao cha ukoo nyumbani kwa ami yangu, Majengo. Jambo lenyewe lilikuwa karo ya binti wa dada yangu. Binti huyu amemaliza shahada ya kwanza ya biolojia, akapata nafasi ya kusomea uzamili, na karo ya mwaka wa kwanza tuliipata kwa kuuza kipande cha shamba la marehemu babu huko Kwale. Sasa mwaka wa pili umebisha hodi na pesa zimekwisha. Ami, ambaye ndiye mkubwa wetu, akamuuliza mwenyewe swali ambalo kila mmoja wetu alikuwa akilingojea.

"Mwanangu, hebu tueleze. Huko chuoni wasomea nini hasa?"

Binti akajibu kwa adabu, bila kuzunguka: "Nasomea hamira, babu."

Pakawa kimya. "Hamira hii ya mahamri?"

"Hiyo hiyo, babu."

Ami akaweka kikombe cha kahawa chini. "Yaani tumeuza minazi ya mzee ili mtoto akasome hamira? Mamako mkubwa Kibokoni ameipika hamira miaka thelathini, hakwenda chuo chochote."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu huyo wa Kibokoni ni mamangu na ni kweli aliuza mahamri na mbaazi mpaka magoti yakamkatalia. Lakini binti hakucheka. Alikuwa akiniangalia mimi. Nimefundisha biolojia shule ya upili miaka 26, na ikiwa kuna mtu kwenye ukoo huu anayepaswa kumtetea, ndiye mimi. Nikajaribu. Nilieleza vibaya: nikaingiza maneno mengi ya kitabuni, ami akapiga miayo, adhana ya alasiri ikaadhiniwa na kikao kikavunjika bila uamuzi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiambia yale ambayo ningeyasema lau ningetulia. Ndiyo haya ninayoyaandika, na ninawaandikia nyinyi wasomaji pia, kwa sababu naamini ami si peke yake anayejiuliza.

Tuanzie jikoni. Hamira si unga wala dawa. Ni viumbe hai, vidogo mno hata jicho halivioni, kila kimoja kina seli moja tu. Ndani ya pakiti vimekaushwa vikalala. Ukivitia maji ya vuguvugu na sukari vinaamka, vinakula sukari, vinatoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoumua unga. Wagema wa huku kwetu wanavijua bila kuvinunua, maana tembo la mnazi huchachushwa na viumbe vya jamii hiyo hiyo vinavyotua wenyewe kwenye kibuyu. Jina lake la kitaalamu ni Saccharomyces cerevisiae.

Sasa seli ya hamira, ingawa ni moja tu na haina mkono wala jicho, ina kiini chenye kutunza maagizo ya urithi, sawasawa na seli ya ngozi yangu na yako. Katika jambo hili hamira iko karibu zaidi na sisi kuliko bakteria. Ndiyo maana wanasayansi huipenda: inakua kwa saa chache, haina gharama, haina kelele, na mtu anaweza kumwondolea kiumbe huyu jeni moja akatazama litakalotokea. Kwa mwanadamu huwezi kufanya hivyo, na Mungu apishe mbali.

Mpwa wangu anashughulika na protini moja. Jina lake halina uzuri: eIF5A. Protini ni mkufu wa vipande vinavyoitwa asidi amino, na vipande hivyo viko vya aina 20. Wataalamu wamekipa kila kipande herufi moja, kwa hivyo protini unaweza kuiandika kama neno refu. Neno la eIF5A la mwanadamu lina herufi 154. La hamira lina herufi 157. Ukiyalaza maneno hayo mawili, moja juu ya jingine, unaona herufi zaidi ya nusu zikilingana. Na katikati kuna sehemu ambapo hazilingani tu, bali ni zile zile, moja baada ya moja, bila hata moja kuruka:

MSTSKTGKHGHAKVHLV

Herufi 17. Hizo ziko ndani ya mwili wako wewe unayesoma, na ziko ndani ya ile pakiti ya hamira kwenye kabati la jikoni. Nilipomwonyesha mpwa wangu kwamba ninaikumbuka kwa moyo, akacheka akasema nimekuwa kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani anayehifadhi. Ni kweli, niliihifadhi. Nilitaka siku moja niweze kuiandika mahali bila kutazama karatasi.

Tazama herufi K. Ziko tatu. K ni asidi amino inayoitwa lisini, nayo ni kitu cha kawaida kabisa, imejaa katika kila protini. Lakini K ya katikati, ile ya nane ukihesabu kutoka kushoto, haibaki kuwa lisini ya kawaida. Baada ya mkufu kutungwa, vinakuja vimeng'enya viwili, yaani protini zenye kazi ya kuharakisha mabadiliko ya kikemikali ndani ya seli. Cha kwanza kinakata kipande kutoka kwenye kitu kinachoitwa spermidini na kukibandika kwenye hiyo K. Cha pili kinaongeza hapo oksijeni kidogo. Matokeo yake ni asidi amino mpya, ambayo haimo katika zile 20. Inaitwa haipusini.

Katika maelfu kwa maelfu ya protini za mwili wako, hakuna nyingine inayojulikana kuwa na haipusini isipokuwa hii eIF5A, pamoja na pacha wake anayefanana naye. Na katika hiyo, ni mahali pamoja tu. Zile K mbili zilizo jirani hazigeuzwi kuwa haipusini. Fikiria fundi cherehani anayeajiri mafundi wawili maisha yao yote, kazi yao kutia kifungo kimoja, kwenye kanzu moja, na hawashoni kitu kingine chochote. Tajiri gani angefanya hivyo kama kifungo chenyewe ni pambo? Vimeng'enya vile viwili, kwa kadiri ijulikanavyo, hiyo ndiyo kazi yao.

Haipusini iligunduliwa Japani mwaka 1971, ikiwa imetolewa kwenye ubongo wa ng'ombe. Wagunduzi walijua ni kitu kipya, hawakujua kinatoka wapi wala kina faida gani. Mwaka 1981, huko Marekani, Myung Hee Park na wenzake walizilisha chembe nyeupe za damu ya mwanadamu malighafi iliyotiwa alama ya mionzi ili waone itaishia wapi. Wangetarajia ikatawanyika huku na huku. Haikutawanyika. Alama ilitokea kwenye protini moja tu. Miaka miwili baadaye ikajulikana kwamba protini hiyo ilikuwa imeshatolewa tangu miaka ya 1970 kwenye chembe changa za damu ya sungura, ikapewa jina na kuwekwa kando kwenye orodha ya protini zinazosaidia seli kuanza kutengeneza protini nyingine.

Nilipomweleza ami habari ya ng'ombe, sungura na damu ya watu, aliniuliza: "Na hiyo hamira yaingia wapi?" Swali zuri. Inaingia hapa.

Kujua kwamba kitu kipo si kujua kwamba kinahitajika. Nyumbani kwangu kuna vitu vingi vilivyopo. Ili ujue kama kitu kinahitajika, kiondoe. Na hilo ndilo lililofanywa kwa hamira, matokeo yake yakatangazwa mwaka 1991. Hamira ina jeni mbili za protini hii. Moja inafanya kazi panapokuwa na hewa ya oksijeni, nyingine inaamka hewa inapokosekana, kwa mfano ndani ya donge la unga uliofunikwa au ndani ya pipa. Waliziondoa zote mbili, na hamira ikafa. Halafu wakairudishia protini nzima, kamili, lakini wakabadilisha herufi moja: ile K, ambayo kwa hamira ni ya 51, wakaweka R mahali pake. Sasa R, yaani arginini, si mgeni wa mbali. Inafanana na K kwa mengi, na protini nyingi hazingejali mabadiliko hayo. Ila R haikubali kile kifungo. Hamira ikafa vilevile. Na baadaye walipoacha protini ikiwa salama wakaondoa kimeng'enya cha kwanza, yule fundi anayeanza kazi, pia ikafa.

Kwa hivyo kifungo si pambo.

Lakini jaribio ninalolipenda kuliko yote lilitoka mwaka 1993. Walichukua hamira waliyoiondolea jeni zake, wakaipa jeni ya mwanadamu ya protini hii hii. Hamira ikaishi, ikakua, penye hewa na pasipo hewa. Mafundi wa hamira waliitambua protini ya mtu, wakaitia kifungo mahali pake, kwenye K ya 50, na kazi ikaendelea. Nimefundisha watoto wengi wa Mombasa kwamba viumbe vina asili moja, nikachora miti ya matawi ubaoni, wakanakili, wakapasi mtihani. Sidhani kama mimi mwenyewe nilikuwa nimelielewa jambo hilo mpaka siku niliyosoma kwamba kiumbe cha kuumulia mahamri kinaweza kuishi kwa sehemu iliyokopwa kutoka kwa binadamu.

Basi protini hii yafanya nini?

Tafadhali nipe ruhusa nitumie asumini. Nyote mmewaona akina mama wakitunga vikuba na vigwe vya asumini jioni: ua moja, sindano inapita, ua jingine, sindano inapita. Seli nayo ina mtungaji wake, anaitwa ribosomu. Anasoma maagizo, anachukua asidi amino moja, anaiunga na iliyotangulia, anachukua nyingine. Kazi inakwenda mbio, ila kuna ua moja lenye shingo ngumu lisilopinda kama mengine. Hilo ni asidi amino inayoitwa prolini. Likija moja, mtungaji anapunguza mwendo kidogo. Yakija matatu mfululizo, mtungaji anakwama: uzi umevutika vibaya, sindano haipati tundu, na kazi yote iliyo nyuma inasimama.

Hapo ndipo eIF5A inapoingia. Inakaa ubavuni mwa ribosomu, mahali palipo wazi, na ule mkono wake mrefu wenye haipusini unaingia ndani mpaka karibu na pale vipande vinapoungwa. Unashikilia na kunyoosha kile kilichokaa vibaya, muungano unafanyika, mtungaji anaendelea. Sasa mnaona kwa nini lazima kile kifungo kiwepo: bila hicho mkono ni mfupi, haufiki.

Na hapa kuna kichekesho cha kisayansi. Zile herufi IF ndani ya jina zinamaanisha kwamba protini hii ni ya kuanzishia kazi. Ndivyo walivyodhani miaka ya 1970. Mwaka 2009, maabara ya Thomas Dever huko Marekani ikaonyesha, kwa kutumia hamira, kwamba kazi yake kubwa ni katikati ya safari, si mwanzoni. Mwaka 2013 maabara hiyo hiyo ikatoa habari ya prolini zinazofuatana. Mwaka 2017 ikaonekana kwamba inasaidia hata mahali pengine pa kukwama pasipo na prolini, na inasaidia pia mkufu kukatwa unapomalizika. Jina limebaki lile lile la makosa. Huku kwetu pia kuna watu wameitwa Mdogo na sasa wana wajukuu.

Mpaka hapa nimezungumzia mtu na hamira. Lakini protini hii na haipusini yake viko kwa kila kiumbe chenye seli zenye kiini kilichochunguzwa: mnazi, papa, nzi, uyoga, mdudu wa malaria. Hata wale viumbe wa kale waitwao arkea, wengine wakiishi kwenye chemchemi zinazotokota, wanayo, ingawa baadhi yao kazi inaishia kwa fundi wa kwanza. Bakteria hawana haipusini. Lakini wana protini ya ukoo huo huo, inayokaa ubavu ule ule wa ribosomu na kutatua tatizo lile lile la prolini. Hilo lilionyeshwa na makundi mawili ya watafiti nchini Ujerumani mwaka huo huo wa 2013. Na ajabu ni kwamba bakteria nao wameurefusha mkono, ila kila ukoo kwa namna yake. E. coli wa tumboni anabandika kipande kingine cha lisini. Pseudomonas, yule anayesumbua vidonda hospitalini, hatumii K kabisa, ana R, na juu yake anabandika sukari.

Nauona huu kuwa ushahidi mzito kuliko zile herufi 17. Tatizo ni moja, prolini ni ngumu kwa kila kiumbe. Kama kila mmoja angetengenezewa suluhisho lake peke yake, tungeona vifungo vya kila namna vimetawanyika ovyo. Hatuoni hivyo. Tunaona haipusini kwa jamaa wote wa upande mmoja wa mti, bila kuchanganyika, na namna nyingine kwa jamaa wa upande mwingine, kama vile ukoo mmoja wa maseremala unavyojulikana kwa jinsi wanavyochonga milango yao ya Lamu.

Ami aliniuliza waziwazi: "Sasa wasema sisi na hamira ni ndugu?" Wazee wawili wakaguna. Nilimjibu hivi, na ndivyo ninavyowajibu wanafunzi wangu. Mambo ya roho na ya akhera nawaachia wenye elimu hiyo, si fani yangu. Lakini kuhusu mwili, maelezo ambayo wanabiolojia wanayo ni kwamba hamira na sisi tumetokana na seli za kale zilizoishi zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na mimi sijaona maelezo mengine yanayoeleza mambo yote haya kwa pamoja. Aliyekuwa na swali zaidi nilimwambia aje nyumbani, kahawa ipo.

Wengi hudhani sehemu hii haikubadilika kwa sababu hakuna kilichowahi kuigusa. Sivyo. Makosa ya kunakili hutokea kila mahali, hata hapo. Ila fikiria jahazi. Rangi unabadilisha utakavyo, jicho la mbele unalichora au unaliacha, tanga unalishona upya. Jamaa yako akibadilisha hivyo bado atarudi kutoka Lamu, na kijana wake ataiga jahazi lake. Lakini anayechezea mkuku haendi mbali, na hakuna atakayeiga chombo kilichozama. Ukitazama bandarini baada ya vizazi mia moja utaona rangi za kila namna na mikuku iliyo sawa, na utadhani mafundi wamekubaliana. Zile herufi 17 ni mkuku. Kila aliyezaliwa na R mahali pa ile K hakuacha kizazi.

Hapo ndipo ninapotaka ami na wengine wanisikilize vizuri, maana swali lao la kweli lilikuwa la pesa: faida iko wapi?

Nina jirani, mama kijana. Mtoto wake ana miaka sita, kichwa chake ni kidogo, anatembea kwa kuyumba na maneno yake hayafiki kumi. Mama huyu ameambiwa mengi. Kwamba alipokuwa mjamzito alipita usiku mahali pasipostahili. Kwamba kuna mtu amemfanyia. Kwamba ni dhambi za ujana wake. Ameuza bangili zake kumlipa mganga mmoja, na hospitali aliyokwenda ilimwambia tu kwamba mtoto "amechelewa". Mimi sijui mtoto huyu ana nini, na simtaji hapa nikidai kwamba ninajua. Lakini najua haya: mwaka 2019 yalitangazwa maradhi ya nadra sana ya watoto yanayotokana na kasoro kwenye jeni ya yule fundi wa kwanza. Mwaka 2021 ikatangazwa kasoro kwenye jeni ya eIF5A yenyewe. Mwaka 2022 ya fundi wa pili. Watoto hao huchelewa kukua na kujifunza, na baadhi yao wana vichwa vidogo.

Na daktari aliyeona herufi moja imebadilika kwa mtoto mmoja alijuaje kwamba hiyo ndiyo sababu? Kila mmoja wetu ana herufi nyingi zilizobadilika zisizo na madhara yoyote. Katika utafiti ule wa 2021 waliichukua herufi hiyo wakaiweka kwenye hamira. Hamira ikadhoofika. Hapo wakajua. Kisha wakajaribu kuiongezea hamira ile spermidini, malighafi ya kifungo, na sehemu ya udhaifu ikapungua. Jambo hili liwekwe mahali pake: hiyo ilikuwa kwenye hamira na kwenye samaki wadogo wa maabara, si tiba iliyothibitishwa kwa watoto, na kama kuna mtu anawauzia vidonge vya spermidini mtandaoni akiahidi miujiza, shikeni pochi zenu. Spermidini mnakula kila siku kwenye soya, uyoga na ngano isiyokobolewa.

Lakini mama aliyeambiwa "ni herufi moja, na hukuifanya wewe" amepewa kitu ambacho mganga hakuwa nacho.

Kuna na upande wa maradhi yetu ya huku. Mdudu wa malaria ana eIF5A, ana na mafundi wote wawili. Vimelea vya malale navyo wanayo, na ndugu zao wanaoua ng'ombe wa wafugaji karibu na Shimba Hills kupitia mbung'o ni wa ukoo huo huo. Dawa moja ya malale, eflornithine, iliyotumiwa dhidi ya aina ya Afrika Magharibi na ya Kati, huua vimelea kwa kuzuia njia ile ile ya kikemikali inayoishia kwenye spermidini. Ugumu nadhani mmeshauona: kitu ambacho adui anakihitaji ili aishi nasi tunakihitaji, na kinafanana. Ukikipiga ovyo unampiga na mgonjwa. Kinachotafutwa ni pale palipo na tofauti. Na tofauti zipo. Kwa vimelea vya malale, yule fundi wa kwanza ameundwa kwa vipande vya aina mbili vilivyoshikana, ambapo kimoja peke yake hakiwezi kazi. Wa kwetu ameundwa kwa vipande vinne vya aina moja. Hata bakteria wamo kwenye hesabu hii: Salmonella walioondolewa kifungo cha protini yao ya ukoo huu walipungua nguvu za kumdhuru panya.

Tofauti ya namna hiyo utaijuaje kama hujui kwanza kilicho sawa? Na cha sawa umekijulia wapi, kama si kwa kiumbe ambacho unaweza kukiondolea sehemu moja moja bila kumliza mama yeyote?

Nilimpigia ami simu juzi usiku nikamsomea haya, si yote, maana macho yake na masikio yake vyote vimechoka. Alinisikiliza kwa utulivu kuliko nilivyotarajia. Alipenda habari ya asumini, ya mkuku akaniambia nimeikosea, kwamba mkuku nao hutengenezwa upya na yeye amemwona babake akifanya hivyo mara mbili. Nikakubali. Yeye ni mtoto wa fundi wa majahazi, mimi ni mwana wa muuza mahamri.

Halafu akauliza: "Na hiyo K ya hamsini na moja, mpwa wako akiibadilisha, hamri haliumuki?"

Nikamwambia haliumuki, ami, kwa sababu hamira yenyewe itakuwa imekufa.

"Na akitia ya mtu?"

"Itaumuka."

Akanyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniambia nimwambie binti aje Ijumaa baada ya sala, na aje na karatasi ya karo, ile yenye muhuri.